Kuchora ramani kwa data zako kwenye Excel na Google Sheets: mwongozo kamili, kwa mfano wa vituo vya maji Tanzania

Kuna data nyingi sana nchi hii zimelala kwenye Excel zikiwa na kolamu ya mkoa, ya wilaya, ya kata, na mara nyingine hadi namba za GPS, afu ikifika siku ya ripoti mtu anabandika jedwali la mistari 26 ambalo hakuna atakayelisoma hadi mwisho. Ramani moja ingetosha, na siku hizi huhitaji programu ya wataalamu wa ramani kuitengeneza, Excel yenyewe inachora. Ila niseme mapema kabisa, kubonyeza kitufe cha ramani ni kazi ya dakika mbili tu. Kazi yenyewe iko kwenye ile kolamu inayosema mahali ni wapi, ukiisafisha hiyo vizuri utachora ramani kwenye programu yoyote, ukiipuuza hata programu ya bei mbaya haitakusaidia.

Nitatumia mfano wa kweli ili ufuate na wewe ukiwa na kompyuta yako. Kuna data za vituo vya maji vya Tanzania, zimetoka kwa Taarifa (hilo ni jina la jukwaa la kukusanya data) pamoja na Wizara ya Maji, zikawekwa wazi kwenye shindano la DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, linaloitwa Pump it Up. Faili la mafunzo (training) lina vituo 59,400, kila kimoja na mkoa, wilaya, kata, longitudo, latitudo, mwaka wa ujenzi, na hali yake: 32,259 vinafanya kazi, 4,317 vinatoa maji ila vinahitaji matengenezo, na 22,824 vimekufa. Nazipenda data hizi kwa sababu zina matatizo yote ambayo utakutana nayo kwenye data zako mwenyewe, na pia zinahusu maji, kitu ambacho ukikiona kwenye ramani huwezi kukaa kimya.

KWANZA, HIVI VITUFE VIMETOKA WAPI

Usiruke hapa, kuna sababu. Ramani ndani ya spredishiti si kitu kipya. Lotus 1-2-3 Release 5 ya Windows, mwaka 1994, ilikuwa nayo. Excel 95 ikaja na kitufe chenye picha ya dunia, Data Map, kilichotengenezwa na MapInfo, kampuni iliyoanzia Troy, New York. Ulikuwa unachagua kolamu mbili, unaburuta, ramani inatokea, na ilikuwa inapaka rangi maeneo, inaweka vidoti, hata chati ndogo za pai juu ya kila eneo. Kikaendelea kwenye Excel 97 na 2000, halafu Excel 2002 ilipotoka kikaondolewa. Microsoft walikuwa tayari wanauza MapPoint kama programu ya pembeni, kwa hiyo anayetaka ramani akanunue hiyo, na yenyewe ikafungwa mwisho wa 2014. Upande wa Google kulikuwa na Fusion Tables, ilianza 2009, watu wengi wa takwimu na waandishi wa habari waliitegemea, ikazimwa Desemba 3, 2019.

Ramani zikarudi Excel kwa njia ya mradi ulioitwa GeoFlow, ukaonyeshwa hadharani Aprili 2013, ukabadilishwa jina ukawa Power Map, na kwenye Excel 2016 ukaingizwa moja kwa moja kwa jina la 3D Maps. Baadaye ikaja chati ya ramani ya kawaida, Filled Map, ambayo ipo Excel 2019 kwenda mbele na kwenye Microsoft 365.

Sasa angalia hapo, ndani ya miaka 25 hivi vifaa vitatu vikubwa vimezimwa, na waliokuwa wamehifadhi kazi yao ndani ya kifaa walianza upya, ila waliokuwa na jedwali safi lenye kodi (code) za maeneo na GPS walihamia kifaa kingine siku hiyo hiyo. Ndo maana hatua nyingi hapa chini ni za jedwali, si za kitufe.

HATUA YA 1: UNGANISHA NA UHIFADHI FAILI LA ASILI

Data za maji za mafunzo zinakuja mafaili mawili, moja la maelezo ya vituo na lingine la hali ya kituo, na kinachoyaunganisha ni kolamu ya id. Fungua la kwanza kwenye karatasi uiite Maji, la pili uliweke kwenye karatasi uiite Hali, afu kwenye kolamu ya AO ya Maji andika:

=VLOOKUP(A2,Hali!A:B,2,FALSE)

Shusha hadi chini, subiri imalize kupiga hesabu, kisha kopi kolamu nzima na ubandike kama thamani tu, maana ukiacha fomula 59,400 zinaishi humo kila ukigusa seli kompyuta itakuwa inahema. Faili la asili usiliguse, fanya kazi kwenye kopi.

HATUA YA 2: SAFISHA MAJINA YA MAHALI

Hapa tukae kidogo. Programu haijui kwamba DSM, Dar, Dar-es-salaam na DAR ES SALAAM yenye nafasi mwishoni ni mkoa mmoja. Anza kwa kuondoa nafasi za ziada, zikiwemo zile zisizoonekana zinazokuja ukikopi kutoka kwenye tovuti au PDF (A2 hapa ni seli yenye jina la mahali, kwenye faili la maji mkoa ni M2):

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))

Usikimbilie PROPER ukidhani itakurekebishia herufi kubwa, itakuandikia Dar Es Salaam. Kilicho bora ni kutengeneza karatasi ya kamusi, uiite Mikoa: kolamu A kila namna jina lilivyoandikwa, kolamu B jina rasmi, kolamu C kodi ya ISO ya mkoa, yaani kodi yake ya kimataifa. Arusha ni TZ-01, Dar es Salaam TZ-02, Geita TZ-27, Katavi TZ-28, Njombe TZ-29, Simiyu TZ-30, Songwe TZ-31, na kuendelea. Halafu:

=XLOOKUP(A2,Mikoa!A:A,Mikoa!C:C,"HAIPO")

Chuja zote zilizotoka HAIPO, ongeza tahajia hizo kwenye kamusi, rudia mpaka ziishe. Ni kazi ya kuchosha mara ya kwanza, ila kamusi hiyo utaitumia kwenye kila kazi itakayofuata, na kodi ina faida kwamba haijali kama mtu ameandika Mjini Magharibi kwa Kiswahili au jina la Kiingereza la mkoa huo huo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: mipaka inabadilika. Data zetu za maji zina mikoa 21 tu. Haijakosewa, ndo mikoa ya Tanzania Bara kabla ya 2012, mwaka ambao Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa, na Songwe ikafuata 2016 kutoka Mbeya. Ukimwaga data hizi kwenye ramani ya leo yenye mikoa 26 ya Bara, hiyo mitano itabaki nyeupe, na msomaji atadhani hakuna kituo hata kimoja huko, wakati wilaya yenye vituo vingi kuliko zote kwenye faili hili ni Njombe, vituo 2,503, vyote vimehesabiwa Iringa.

Suluhisho ni kushuka ngazi moja. Kolamu ya lga ina wilaya, kwa hiyo tengeneza kamusi nyingine ya wilaya kwenda mkoa wa sasa: Njombe, Makete na Ludewa ziende mkoa wa Njombe, Mpanda iende Katavi, Bariadi, Maswa na Meatu ziende Simiyu, Mbozi na Ileje ziende Songwe, Geita, Chato na Bukombe ziende Geita. Magu itakusumbua kwa sababu sehemu yake ilikatwa ikawa Busega ambayo iko Simiyu, hapo inabidi uangalie kata moja moja. Kama unalinganisha miaka tofauti fanya kinyume chake, yaani rudisha mikoa mipya kwenye ile ya zamani, kwa sababu kuunganisha ni rahisi na kugawa ni kubahatisha.

HATUA YA 3: KAGUA NAMBA ZA GPS

Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo zote ni hasi, kati ya kama -0.9 na -12, na longitudo zote ni chanya kati ya 29 na 41. Kwa kujua hilo tu unaweza kuandika fomula ya ukaguzi. Kwenye faili la maji longitudo iko kolamu G na latitudo iko H, angalia vizuri ni longitudo ndo imetangulia:

=IF(AND(H2>=-12,H2<=-0.9,G2>=29,G2<=41),"sawa","kagua")

Zikitokea za kukagua, mahali kidoti kilipoangukia panakuambia kosa ni nini. Chukua Dar es Salaam, -6.8 na 39.28. Ukisahau alama ya kutoa kidoti kinaenda kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha latitudo na longitudo kinaangukia magharibi mwa Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Na ukiona kidoti baharini, Ghuba ya Guinea, hiyo ni sifuri kwa sifuri, kifaa hakikushika satelaiti au mtu aliacha wazi na programu ikajaza sifuri.

Kwenye data zetu kuna vituo 1,812 vyenye longitudo sifuri, na latitudo yake Excel inaionyesha kama -2.00E-08, namba ndogo kiasi kwamba ukichuja kwa sifuri kamili haikamatwi. Na hivi 1,812 havijasambaa nchi nzima, vyote vimeandikwa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Ukivifuta kimyakimya utakuwa umefuta kanda ya ziwa na ramani itaonyesha pengo ambalo halipo. Mimi napendekeza hivi: kwenye ramani ya vidoti usiviweke, ila andika chini ya ramani kwamba havipo na vinatoka wapi, na kwenye ramani ya mikoa vihesabu kama kawaida maana mkoa wao unajulikana.

Kama GPS zako ziko kwa digrii na dakika na sekunde, badilisha hivi, digrii kwenye A, dakika B, sekunde C, na alama ya kutoa mbele kwa sababu ni kusini:

=-(A2+B2/60+C2/3600)

Desimali nne zinakupa usahihi wa mita 11 hivi, desimali mbili ni zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo usiruhusu mtu azikate. Na kama namba zako ni kubwa za tarakimu sita na saba, hizo ni UTM, mfumo unaopima mahali kwa mita badala ya digrii, kanda za 35, 36 au 37 kusini. Uliza kabisa zilipimwa kwa mfumo gani, kwa sababu ramani nyingi za zamani za nchi zetu zilitumia mfumo wa Arc 1960, na ukizichukulia kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu kitahama mita mia kadhaa, kisima cha kijiji hiki kikaonekana kijiji cha jirani.

HATUA YA 4: AMUA UNAPAKA RANGI NINI

Kupaka rangi mikoa kwa idadi tupu ni kosa ninaloliona kila siku. Iringa ndo inaongoza kwa vituo kwenye faili hili, 5,294, Lindi ina 1,546, ukipaka rangi idadi umeonyesha nani ana vituo vingi tu. Swali la maana ni vingapi vinatoa maji, na hapo unahitaji uwiano. Kwenye karatasi mpya weka majina ya mikoa kolamu A kisha:

=COUNTIFS(Maji!$M:$M,A2,Maji!$AO:$AO,"functional")/COUNTIFS(Maji!$M:$M,A2)

Hapo M ni kolamu ya mkoa wa zamani, kama umetengeneza kolamu ya mkoa wa sasa tumia hiyo. Kwa mipaka ya zamani Iringa inapata asilimia 78, Lindi inapata kama asilimia 30. Kati ya vituo kumi vya Lindi saba havikuwa sawasawa. Hiyo ndo ramani ya kumpelekea mtu mwenye bajeti.

Kuna na tatizo la namba moja kubwa kumeza nyingine. Ukichora msongamano wa watu kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 inafika karibu watu 3,900 kwa kilomita ya mraba, Tabora inapata 45 hivi, Lindi 18, na kwa sababu Excel inapaka rangi kwa kufifisha kidogo kidogo kutoka ndogo hadi kubwa, Dar itakuwa nyeusi tii na mikoa mingine karibu yote rangi moja. Gawa kwa madaraja mwenyewe kabla ya kuchora, D ikiwa kolamu ya msongamano:

=IFS(D2<30,1,D2<60,2,D2<120,3,D2<300,4,TRUE,5)

Afu uchore kolamu ya daraja, na uandike maana ya kila daraja pembeni.

HATUA YA 5: RAMANI YA MIKOA, FILLED MAP

Panga kolamu tatu: Nchi, Mkoa, Thamani, na kwenye Nchi andika Tanzania mistari yote hata kama inaonekana ni kujirudia, hiyo ndo inamzuia Excel kwenda kutafuta jina kama hilo bara lingine. Chagua jedwali lote, nenda Insert, kisha Maps, kisha Filled Map. Lazima uwe na intaneti wakati wa kuichora, kwa sababu majina yako yanatumwa Bing kutafutwa, na mara ya kwanza Excel itakuomba ruhusa. Ikishachorwa unaweza kuitazama bila bando.

Bofya mara mbili juu ya ramani ufungue mipangilio, kwenye Map area chagua Only regions with data, la sivyo utapata dunia nzima na Tanzania kama doa. Map labels ziwashe ukiwa na nafasi. Kama mkoa haukupakwa rangi rudi kwenye tahajia, jaribu jina la Kiingereza hasa kwa mikoa ya Zanzibar, au chagua seli za majina uende Data halafu Geography uone kama Excel inalitambua jina. Chati hii haipokei GPS wala anwani ya mtaa, ni maeneo tu.

HATUA YA 6: VIDOTI NA MUDA, 3D MAPS

Hii iko Excel ya Windows, Mac haina. Chagua data, Insert, 3D Map. Kwenye Location ondoa vyote alivyokisia, weka latitude na longitude peke yake. Category weka hali ya kituo ili kila hali ipate rangi yake. Kwa mikoa na wilaya zenye mipaka yako mwenyewe unaweza kuingiza faili la KML au SHP (aina za mafaili ya mipaka ya ramani) kama maeneo maalumu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wana mipaka ya kiutawala, hiyo ndo njia ya kufika hadi kata.

Kizuri zaidi hapa ni muda. Unaweza kuona vituo vikijengwa mwaka hadi mwaka tangu 1960. Ila Time inataka tarehe kamili, na kolamu ya construction_year, ambayo ni X, ina mwaka tu, tena vituo zaidi ya 20,000 mwaka wake umeandikwa 0. Ukiandika DATE bila tahadhari Excel inageuza 0 kuwa Januari 1, 1900, na video yako itaanza kwa visima elfu ishirini enzi za Wajerumani. Andika hivi:

=IF(X2<1900,"",DATE(X2,1,1))

Kisha kwenye alama ya saa chagua data zijikusanye kadiri muda unavyokwenda, zisipotee. Ukimaliza unaweza kutoa video. Nguzo za 3D ziache, zinafichana, tumia Flat Map na vidoti vidogo.

HATUA YA 7: UKIWA NA GOOGLE TU

Google Sheets ina chati ya ramani, Insert, Chart, Geo chart, ila inafaa zaidi kulinganisha nchi na nchi. Kwa vidoti nenda Google My Maps, tengeneza ramani mpya, bonyeza Import na uchague faili lako. Mipaka yake ni mistari 2,000 kwa kila faili na tabaka 10 kwa ramani, kwa hiyo vituo vyote havitaingia, lakini Lindi yote inaingia tabaka moja, na Iringa kwa tabaka tatu. Kwa mhandisi wa maji wa wilaya hii ndo naipendekeza, anaifungua kwenye simu akiwa njiani kwenda kijijini.

HATUA YA 8: BILA INTANETI NA KWA EXCEL YA ZAMANI

Hii inafanya kazi hata Excel 2007. Chagua chati ya Scatter, X weka longitudo, Y weka latitudo. Mhimili wa X uanze 29 uishie 41, wa Y uanze -12 uishie 0. Kote ni digrii 12, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta digrii moja ya latitudo na moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kama kilomita 111, kwa hiyo ukivuta chati iwe mraba umbo la nchi linatoka vizuri kabisa bila fomula ya ziada. Wenzetu wa Ulaya hawapati urahisi huu.

Tengeneza mfululizo tofauti kwa kila hali ya kituo, vilivyokufa viwekwe mwisho vichorwe juu, kidoti saizi 2, futa mistari ya gridi. Excel 2007 ina kikomo cha nukta 32,000 kwa mfululizo mmoja, ukizidi gawanya mara mbili kwa rangi ile ile. Vituo vitachora nchi vyenyewe: utaona safu za milima ya kusini zimejaa, na mapengo kwenye hifadhi.

HATUA YA 9: KABLA HUJAITUMA

Kama vidoti vyako ni vya watu, wagonjwa, wateja, kaya zilizopokea msaada, usiweke GPS kamili hadharani. Kidoti chenye desimali nne ni mlango wa mtu. Kata hadi desimali mbili au jumlisha kwa kata, na kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023.

Mwisho ongeza karatasi moja iitwe Kuhusu: data zimetoka wapi na za mwaka gani, mipaka ni ya mwaka gani, GPS ni mfumo gani, mistari mingapi haikuingia kwenye ramani na kwa nini. Kisha hifadhi kopi ya jedwali safi kama CSV UTF-8 pembeni ya faili la Excel, pamoja na zile kamusi mbili za mikoa na wilaya. Siku ukitaka kuhamia QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, unafungua CSV hiyo kama Delimited Text, unaiambia longitudo ndo X na latitudo ndo Y, na vituo vyote vinatokea.